Koti la Taban

Sitti na mumewe Taban walikuwa wakikusanya mavazi ya zamani ya jeshi la Marekani, wakiyachambua kwenye marobota ya mitumba mjini Arua, Uganda. Walilolipenda kuliko yote ni koti lililopauka, lenye jina la askari kifuani. Taban alipofariki, nduguye Mogga alilichukua kwa desturi ya kugawana nguo za marehemu, ingawa Sitti alimwomba amwachie hilo moja tu.

Leo Mogga alikuja nalo mlangoni kwa Sitti, mjini Koboko. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa akilisubiri Arua.

“Shemeji, askari ya barabara watanikamata na hii nguo ya jeshi. Nafanya namna gani?”

Sitti alijua kwamba koti likitiwa rangi, hakuna mkusanyaji atakayeligusa. Angeweza kumwambia alifiche kwenye gunia la mihogo.

“Tia rangi nyeusi. Watu yote hapa nafanya hivyo.”

“Wewe iko na akili, shemeji.”

“Lete, mimi mwenyewe nitakoroga.”

Akabandika sufuria. Akakoroga taratibu, akilitazama lile jina likizama kwenye weusi, na moyo wake, uliolipenda koti lile kuliko Mogga atakavyowahi kujua, haukumwambia aache.