Mlango wa Chumba cha Baridi

Mlinzi wa kiwanda cha bia kilichofungwa ananichosha. Nimekuja kupiga picha majengo kabla hayajabomolewa, naye kila mlango tukishaupita anaufunga kwa ufunguo, halafu anautikisa, utadhani kuna mwizi wa vumbi. Matangi matupu ya kuchachushia bia anayagonga kwa kidole, anatega sikio, anaguna. Tulipofika kwenye chumba cha baridi, chenye joto la tanuri, akavaa koti zito na kulifunga vifungo hadi shingoni. Nikaingia, nikaacha mlango wazi.

“Funga, baridi inatoka!”

Uvumilivu ukaniishia. “Mzee, baridi gani? Mitambo si iliuzwa chuma chakavu?”

Jasho lilikuwa likimtiririka. “Najua, mwanangu. Unadhani nani aliing’oa? Spana walinipa mimi. Haya, funga mlango.”

Nikaufunga.