Wimbo wa Hondohondo

Juma lililopita nilirudi nyumbani, karibu na msitu wa Kakamega. Jirani anataka nimtungie fahali wake wimbo wa kuingilia uwanjani. "Kama ule wa baba yako mdogo," akasema, huku ananimiminia chai. Karibu nimmwagie.

Nikusimulie, rafiki yangu, ule wimbo ulitoka wapi. Kwetu fahali wa kupigana haendi uwanjani kimya. Anasindikizwa kwa tarumbeta ya pembe na ngoma za isukuti, na wimbo wake ni wake peke yake. Baba mdogo ndiye alikuwa mpigaji wetu. Wimbo wa fahali wetu aliutoa kwa hondohondo aliyekuwa anakujanga kula matunda ya mkuyu wa nyanya yangu. Ndege ana kelele huyo, kama mtoto aliyenyimwa titi. Baba mdogo alishinda chini yake akiitafuta ile sauti kwa tarumbeta, mpaka nyanya akamuuliza kama naye atataga.

Alipoipata, akaanza kumfunza fahali. Kila alfajiri anapuliza, anamchoma mbavu kwa fimbo, na fahali anapasua kichuguu, udongo unaruka hadi jikoni tunakokoroga uji. Mimi nilipenda sana asubuhi hizo, moshi, udongo mbichi, baba mdogo akicheka. Fahali naye akaelewa kwamba wimbo ukilia, mtu apigwe.

Siku ya mchuano baba mdogo alimshika kamba chini ya mkuyu, tarumbeta iko mgongoni, hajaipuliza. Hondohondo akatua juu, akalia.

Fahali hakuangalia nani amepuliza. Alimtoboa baba mdogo chini ya mbavu, akamwinua, akambamiza kwenye shina, akamrudia tena. Nyanya alimpiga fahali usoni kwa mchi hadi mchi ukavunjika. Majirani wakammaliza kwa mapanga na mikuki, wakikata hata alipokwisha kulala, kwa hasira tu. Baba mdogo alikata roho kichwa kikiwa mapajani mwa nyanya. Na ndege yuko pale pale juu, anakula, analia.

"Ukateni huo mti," nyanya akasema. "Ndege huwezi kumfundisha kunyamaza."

Jioni mkuyu ulikuwa chini. Nyama ya yule fahali nyanya aliikataa, tukala obusuma, ugali wetu, kwa mboga ya mrere, na nilimchukia yule ndege kuliko nilivyomchukia fahali. Nilimrushia mawe alipopita kutafuta mti wake. Majirani nao wakakata mikuyu yao, wengine kwa kutuonea huruma, wengine kwa makaa.

Jirani nilimkatalia. Lakini kesho yake alfajiri nilijikuta nimekaa juu ya kisiki cha mkuyu, tarumbeta ya baba mdogo mkononi, nikipuliza ule wimbo wake polepole. Nilipuliza, nikanyamaza, nikatega sikio. Nilitamani hondohondo ajibu, hata kwa ile kelele yake mbaya, kwa sababu ndiyo sauti ya mwisho aliyoisikia baba mdogo. Nilisikia msumeno tu, mbali, upande wa msitu.