Siku Mama Alipopuliza Besi Nane Nane

Mwezi wa nane uliopita nilirudi kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, kule Uyole, Mbeya. Sikwenda kwa hamu. Wanangu walining'ang'ania tangu alfajiri, nyumbani kwetu Ilomba, nikaona nisiwanyime. Kufika mchana nilikuwa hoi, nimekaa juu ya mfuko wa mbolea nyuma ya banda la mbegu, viatu nimevua, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kila banda lilipiga muziki wake, na hakuna hata mmoja niliousikia sawasawa. Hapo nikamkumbuka mama.

Sisi ni watu wa Kilolo, Iringa, rafiki yangu, na kama umewahi kulala Kilolo basi baridi sina haja ya kukusimulia. Mama alikuwa mwanamke pekee kwenye tarumbeta za kanisa letu la Kilutheri. Besi, ile tarumbeta kubwa kuliko zote, ilikuwa ya baba. Baba alipofariki hakupatikana mwanamume mwenye pumzi ya kuijaza, mama akaibeba. Shida ni kwamba tuliitwa misibani tu. Harusini watu walitaka redio. Jirani akimwona mama na besi begani, kabla hata ya salamu aliuliza nani katutoka. Jioni, nyuma ya jiko, mama alijifunza wimbo mmoja wa mavuno, wa haraka haraka, na waliokuwa wakiucheza ni mimi na kuku.

Ndipo tukaalikwa Nane Nane. Mama hakuficha alichokuwa anakitaka.

"Safari hii nataka nione watu wanacheza," alisema. "Basi."

Tulipanda lori la kanisa alfajiri, tumejifunika mablanketi, tukila viazi vya kuchemsha vilivyokwisha kupoa. Njiani, Rujewa, joto likatushangaza, akina mama wakavua masweta. Mbeya wakayavaa tena.

Sijui nikuelezeje ule umati. Bendi ya askari huku, ngoma za Kinyakyusa kule, muuza aiskrimu na kengele yake katikati, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikichanganyika na ya samadi kutoka kwenye mabanda ya ng'ombe. Watu walicheza huku wanatembea, wengine na miche ya miti mikononi. Nilimtazama mama, nikamkuta anatabasamu peke yake.

Zamu yetu ilipofika, mwalimu wa tarumbeta alifanya alivyozoea. Midomo ya wapulizaji lazima ipashwe moto kwanza, na sisi siku zote tuliipasha kwa ule wimbo wa polepole wa kushushia jeneza. Hakuna aliyefikiria mara mbili. Haukupita ubeti mmoja, kofia zikaanza kuvuliwa. Wanawake walifungua kanga viunoni wakajifunika vichwa, na wengine wakaketi chini, miguu wameinyoosha. Muuza aiskrimu akaishika kengele yake isilie. Mtangazaji naye akasogeza kipaza sauti, akasema taratibu, "Poleni sana, ndugu zetu wa Iringa."

Mwalimu akashtuka, akarukia wimbo wa mavuno. Mama alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Lakini nani angecheza mbele ya wafiwa? Walitusikiliza kimya mpaka mwisho, kisha wakapanga foleni kutupa mkono wa pole. Bibi mmoja alimkumbatia mama, akamsalimu kwa Kihehe chetu, "Kamwene, mwanangu. Jikaze." Mama aliitikia tu, maana angeanzia wapi kumweleza?

Kurudi, watu wazima kwenye lori walicheka mpaka Makambako. Mama hakucheka. Alikaa na besi mapajani, akaangalia nje. Mwaka uliofuata hatukualikwa, wala ule mwingine, na wimbo wa mavuno sikuusikia tena nyuma ya jiko.

Siku hizi tarumbeta zimekwisha pale kanisani. Wapulizaji walizeeka, meno yakawatoka, na huwezi kupuliza bila meno. Vijana wakanunua kinanda na spika. Siwalaumu. Nimechoka hata kulaumu.

Mwaka juzi tulimzika mama. Kijana wa muziki alichomeka flashi, ukaanza wimbo wa injili wa kasi, kama ulivyo mtindo wa sasa, na jeneza likaja kaburini watu wakicheza. Walicheza kweli, rafiki yangu, wazee kwa vijana, majirani walewale waliokuwa wakimuuliza nani katutoka. Mama angefurahi mno, na nilifurahi kwa niaba yake. Ila mimi nimekulia kwenye besi, na besi ndiyo iliyokuwa ikituambia kwamba sasa tunaweza kulia. Nilisimama kando ya kaburi nikaisubiri. Mpaka leo sijamlilia mama.