Kugeuza Chupa ya Asali

Kazini walimwita Kola, kwa sababu kola za mashati ndizo zilizokuwa zake. Katika duka lile la dobi kulikuwa na wa kufua, wa kukausha na wa kutoa madoa, na nyuma kabisa, kwenye pazia la plastiki, alikuwapo yeye na pasi yake ya mvuke, akinyoosha kola moja baada ya nyingine mpaka akifumba macho anaona kola tu. Msimu wa baridi ulimtesa kuliko wenzake wote. Mchana kutwa anapikwa na mvuke, jioni anatoka nje jasho halijakauka, na baridi inamvamia kifuani. Mafua yake yalianza na msimu na kuisha na msimu, akayazoea kama mtu anavyomzoea mpangaji msumbufu.

Dawa yake miaka yote ilikuwa asali ya mama. Mama hakuwa mganga wala hakujifanya mganga. Alikuwa mwanamke mbishi mwenye dirisha la jikoni linaloingiza jua, basi. Baridi ikikaribia alichuma mrehani na rosemeri kwenye makopo yake ya uani, akavitandaza juu ya kabati la nguo mpaka vikawa vinavunjika kwa kidole, akavitia kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na tangawizi kavu, kisha akamimina asali polepole hadi pomoni. Jani likiwa na maji hata tone, alisema, asali inachacha na kazi yote inakuwa bure. Chupa ikakaa dirishani, na lazima igeuzwe, mara kifuniko juu, mara kifuniko chini, kwa sababu majani huelea, na asali isiyopita katikati ya majani haichukui kitu.

Mama alifariki baridi ya mwaka uliopita ilipokuwa inaishaishia. Kikohozi chake kilisikia asali, moyo wake haukusikia. Na tangu mazishi, Baba akalala. Hakuwa na ugonjwa wa kutajika. Daktari alimpima juu mpaka chini akasema mwili hauna neno. Lakini yule mzee aliyekuwa kinyozi, aliyekuwa na mdomo unaokwenda kasi kuliko mkasi wake, aliyewanyoa watu wa mtaa mzima na kuwasengenya nusu yao, aligeukia ukuta na kuupa ulimwengu kisogo. Ndevu zikaota mpaka kifuani. Kinyozi! Wateja wake wa zamani wangemcheka mpaka machozi, kama wangeweza kumwona bila kulia kwanza.

Kola akabaki na kila kitu mikononi. Kabla hakujakucha anapika, anamwekea baba yake chakula kwenye kiti kando ya kitanda, anakwenda kusimama mbele ya mvuke, anarudi giza linaingia, anakuta sahani imeliwa nusu na mgongo wa baba yake uko palepale. Anafua, anapiga deki, anaongea peke yake. Mwili ulikwisha zamani. Kilichokuwa kinatembea ni mazoea.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, anayeishi mji mwingine, ambaye nyumbani walimwita Bwana Mipango kwa sababu hakuwahi kukosa mpango, na mipango yake yote ilitekelezwa na mtu mwingine. Safari hii, haki yake apewe, alikuwa na mpango wa maana. Karibu na anapoishi kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee, safi, yenye wauguzi, na nafasi ilikuwa imepatikana.

"Dada, wewe si chuma," alimwambia kwenye simu. "Na hata chuma kinachakaa. Sema ndiyo tu, Jumapili nakuja na gari namchukua."

"Nipe muda," akasema Kola. "Kuna kitu nataka kukijaribu kwanza."

Kitu chenyewe kilikuwa asali. Aliitengeneza mwenyewe kwa mara ya kwanza, mrehani wa mama kutoka makopo yaleyale, akaiweka dirishani, kisha akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake.

"Baba, asali ya Mama iko dirishani jikoni. Mimi natoka jua halijatoka, narudi limeshazama. Nakuomba kitu kimoja tu. Igeuze. Mara moja kwa siku, basi. Na usiihamishe, pale ndipo mahali pake."

Mzee aliinua kidole kimoja juu ya blanketi, akakishusha.

Tuseme ukweli, kugeuza chupa si kazi ya kumshinda mtu. Kola angeweza kuigeuza jicho moja likiwa bado limefumba. Alichotaka ni sababu ya kumtoa mzee kitandani. Na moyoni aliweka sharti ambalo hakumwambia mtu: Baba akiigeuza, anabaki hapa. Akishindwa hata na hilo, basi ampigie mdogo wake simu, na iwe imekwisha.

Siku za mwanzo alirudi nyumbani roho juu. Hata viatu havui, moja kwa moja jikoni. Asubuhi ameiacha kifuniko juu, jioni anaikuta kifuniko chini. Kesho yake kinyume. Alisimama pale na koti lake akicheka peke yake kama mwehu. Baba alikuwa bado amegeukia ukuta, kwa kuwa saa za jioni ndizo zilizomshinda zaidi, saa ambazo Mama alizoea kuingia na chai. Lakini mchana aliinuka. Chupa ilisema.

Halafu chupa ikanyamaza. Baridi ilikuwa imekaza siku hiyo, Kola akarudi akakuta kifuniko juu, kama alivyokiacha. Akajipa moyo, labda mzee amepitiwa. Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Alichungulia chumbani, akaona mgongo na blanketi. Hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kumsuta, na nguvu za kusuta hakuwa nazo. Hata za kukohoa alikuwa anazikopa. Kila jioni alitazama kifuniko, akavua viatu, akaingia kwenye vyombo.

Mwishowe akapiga simu, amesimama palepale jikoni.

"Njoo Jumapili," alisema kwa sauti ya chini. "Nimejaribu, mdogo wangu. Hata chupa moja imemshinda."

"Umefanya la busara, Dada. Pumzika sasa."

Alipokata simu alisikia nafuu, nafuu ya mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, na nafuu ile ikamtia haya mpaka akajifunika uso kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Alilia kidogo. Kisha akaosha vyombo, kwa sababu vyombo havina huruma.

Jumamosi, bomba la boila likapasuka kule kwa dobi. Mvuke ulijaa mpaka watu hawaonani, na bosi, aliyekuwa hajawahi kumruhusu mtu mapema hata kwa homa, akawafukuza wote warudi makwao kabla ya saa sita. Kola alitembea mtaani kwake mchana kama mgeni. Hakukumbuka kwamba jua hufika upande ule wa barabara.

Alifungua mlango, akaenda jikoni kwa mazoea. Dirishani hapakuwa na chupa.

Aliikuta sebuleni, kwenye dirisha la upande wa pili, kifuniko chini, jua limeipiga mpaka inawaka. Kando yake amesimama Baba, amevaa shati, kidevu cheupe bila unywele hata mmoja. Alishtuka kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Umerudi mapema," alisema.

"Baba, chupa..."

"Nitairudisha. Huwa nairudisha kabla hujaja, najua hutaki ihamishwe. Ila jikoni jua linaondoka mapema, mwanangu. Huku ndiko linakohamia."

"Unaigeuza?"

"Asubuhi na jioni. Wewe ulisema mara moja, na mwanzo nilifanya mara moja. Baridi ilipozidi asali ikawa nzito, majani yakaganda juu. Mama yako naye baridi ikikaza alikuwa anaigeuza mara mbili. Nikaona, kama miguu inakubali, niifanye vizuri."

Kola alianza kuhesabu kwa vidole. Mara mbili. Asubuhi kifuniko chini, jioni kifuniko juu, na yeye anaingia anakikuta kama alivyokiacha. Mzee alikuwa anapata nafuu, na kila alivyozidi kupata nafuu ndivyo chupa ilivyomshtaki. Akainama akaitazama asali yenyewe, kitu ambacho hakuwa amekifanya siku zote zile. Ilikuwa imekoza rangi, na majani yametawanyika ndani yake kutoka juu mpaka chini, hakuna hata moja lililoganda. Mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba ile chupa haikulala. Yeye alikuwa na macho, ila alitazama kifuniko.

Hapo ndipo alipoliona begi. Lilikuwa mlangoni, begi dogo la Baba la zamani, limefungwa, na juu yake koti limekunjwa.

"Hilo ni la nini?"

"Si kesho Jumapili?"

Kuta za nyumba ile hazikuwahi kuficha hata chafya. Kola alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya mkono wa kochi.

"Ulinisikia. Sasa kwa nini hukuja kuniambia? Ungesema tu, naigeuza!"

"Nilidhani unajua." Baba alisema bila hasira, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwambia mteja kwamba nywele zinaanza kumkimbia utosini. "Nilidhani chupa ni kisingizio. Mtu hawezi kumtazama baba yake akamwambia nimekuchoka. Anatafuta chupa. Nikasema sawa, mtoto naye ana haki ya kuchoka. Nikanyoa, nisikutie aibu huko niendako."

Kola alitaka kuruka aseme hapana, si kweli, hata kidogo. Lakini aliikumbuka nafuu ile ya simu, na kitambaa cha vyombo usoni.

"Nimechoka, Baba," alisema. "Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Lakini haikuwa kisingizio. Niliamini kweli umeshindwa."

"Kwa hiyo yote mawili."

"Yote mawili."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu inayolingana. Kola akatoa simu.

"Usije na gari kesho," alimwambia mdogo wake.

"Dada! Si juzi tu umesema—"

"Juzi nilitazama kifuniko."

"Kifuniko gani tena?"

"Njoo hivyohivyo, bila gari. Ukae hapa wiki nzima, upike wewe, upige deki wewe, mimi nilale. Huo ndio mpango, na safari hii ni wangu."

Upande wa pili kikasikika kikohozi kirefu.

"Na mwambie ana kifua," Baba alisema kutoka dirishani. "Nimekisikia kutoka huku."

Kola akakata simu na kujilaza kwenye kochi na viatu vyake. Mzee alifungua chupa, akachota kijiko kimoja, akamletea, mkono wa pili umekinga chini yake.

"Haijakomaa bado," alisema.

"Nipe hivyohivyo."

Aliimeza. Ilikuwa na ladha ya mama yake, pungufu kidogo. Kisha akasikia viatu vikivuliwa miguuni mwake, kimoja, halafu kingine, na begi likiburutwa sakafuni kurudi chumbani. Usingizi ulikuwa umeshamshika alipoisikia chupa ikirudishwa dirishani kwake jikoni, na hakuinuka kwenda kutazama kifuniko kiko upande gani.