Kuni za Matanga

Habari za kifo cha rafiki yangu zilinikuta nikinywa chai hapa Amalemba, na sioni haya kukwambia, msomaji wangu, kwamba chai ilipoa mezani nikilia. Alikuwa mchora ramani mstaafu. Kazi yake ya mwisho, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa kupanga ukanda wa miti wa kuunganisha msitu wetu wa Kakamega na kile kipande kilichoachwa peke yake kaskazini, kikizungukwa na mahindi na miwa. Mbega haendi mbali pasipo na tawi. Lakini wakulima waliogopa: leo unapanda mti, kesho unaambiwa hapa ni msitu, hama! Basi akaanzia kwake. Akaupitisha ukanda shambani mwake mwenyewe, akapanda misiola na miti mingine ya kiasili, na majirani walipoona hajahamishwa na mtu, wakafuata mmoja mmoja. Mwaka jana alinipigia simu akipayuka kama mtoto: "Wewe! Mbega wamepita! Wamepita juu ya choo changu!" Nilicheka hadi nikakohoa.

Nilipofika matangani, moto ulikuwa umekolea uani. Nikatazama nyuma ya nyumba, nikaona anga tupu. Masalale! Ukanda ulikuwa umekatwa. Wala hakuna aliyekusudia ubaya. Kijijini kwao mtu huliliwa kwa kuni za boma lake, na vijana, kwa mapenzi kabisa, walishika mashoka wakaangusha miti iliyokuwa karibu. Mjane wake alinishika mkono. "Niliwaambia wawache hiyo miti," akasema. "Wakaniambia, mama, mzee hawezi kuliliwa na kuni ya kuomba. Mimi nalia tu, ningewazuia na nini? Na yeye alikuwa anasemanga, hii njia ikikatika kwetu, imekatika kote."

Siku hizi tunapanga sana. Tunaita mikutano, tunagawa miche na soda. Mpango wa rafiki yangu ulikumbuka mto, bonde na tawi analolipenda mbega. Ulisahau kwamba kila boma lina siku yake ya msiba, na msiba una moto wake. Inaniuma, maana hata mimi niliyeusifu sikuliona hilo.

Tulipokuwa tukimfukia, kundi la mbega lilitokea upande wa jirani. Wakafika tawi la mwisho, wakautazama moshi, wakarudi walikotoka. Ndugu zangu, ukienda kumlilia mtu aliyepanda miti, nenda na mzigo wako wa kuni.