Kikoi cha Mama Mkwe

Abiria wa meli za starehe wana namna zao za kuaga, na mhudumu wa vyumba huzijua zote kabla msimu haujaisha. Wapo wanaoacha bahasha juu ya mto, wameandika asante na kuchora uso unaocheka. Wapo wanaokuachia shampuu iliyotumika nusu, biskuti zilizovunjikavunjika na ndala zilizolowa, nao wanashuka wakiamini wamekutendea wema mkubwa. Bwana mmoja aliacha meno yake ya bandia ndani ya glasi. Hayo nilijua ameyasahau, lakini kwa vitu vingine ilikuwa vigumu kujua, ndiyo maana meli ilikuwa na kanuni yake. Kitu kilichoachwa bila karatasi yenye maandishi kilihesabiwa kuwa kimesahauliwa, nacho kilipelekwa mapokezi. Ukishuka bandarini, walinzi wakakikuta mkobani mwako, wewe ni mwizi na kazi huna.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Meli yetu ilitoka Durban, ikaenda visiwa vya Msumbiji, ikarudi, na wiki ijayo hivyo hivyo. Nikiwa nchi kavu nilikaa Umbilo, mtaa mmoja wa Durban, kwenye fleti tuliyojazana Watanzania watupu. Watu wa nyumbani wakiulizwa habari zangu walijibu, "Yuko melini," na neno hilo lilinisitiri vizuri sana. Hakuna aliyeuliza melini nafanya nini. Sikumdanganya mtu, ila nilihakikisha nashuka na shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na mtu akiniita baharia sikumrekebisha.

Binti niliyemtaka alikaa Sydenham na mama yake, mjane, mtu wa Tanga kama mimi, aliyekuwa akiuza vitenge na khanga Pinetown karibu na kituo cha teksi. Posa ilipelekwa na mshenga wangu, fundi cherehani mmoja mtu mzima aliyenichukulia kama mwanawe. Mama alimpokea vizuri, akamwambia ana safari fupi, akirudi atatoa jibu. Tangu siku ile, kwa desturi ya kwetu, yule mama akawa mkwe hata kabla ya jibu. Mkwe humwangalii usoni, huli naye, na chumba anacholala hukanyagi. Nikimwona kwa mbali Umbilo Road nilikuwa navuka barabara hata kama roboti, taa za barabarani za kule, ni nyekundu, madereva wanitukane wanavyotaka.

Sikujua safari yake fupi ni ipi mpaka nilipomwona kwenye korido yangu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na koti jeupe, jina langu kwenye beji kifuani, nikiwapokea abiria kama tulivyofundishwa, mikono nyuma, meno nje. Wakaja wanawake wawili na ufunguo wa chumba kimojawapo cha kwangu. Wa mbele alikuwa jirani yao wa Sydenham, Mkongo mwenye sauti iliyomtangulia kila alipokwenda. Wa nyuma, amejitanda khanga, alikuwa mkwe wangu. Muuzaji wa jumla aliyekuwa akimuuzia vitambaa alichezesha bahati nasibu kwa wateja wake, naye akashinda chumba cha watu wawili.

"Shikamoo, mama," nilisema, macho chini.

"Marahaba, baba." Akavuta khanga ikafunika nusu ya uso, akapita ubavuubavu kama mtu anayepita penye matope.

Begi lake lilikuwa mkononi mwangu. Kazi ilinitaka niliingize ndani na kuliweka juu ya kigoda. Nililitua kwenye kizingiti, nikaondoka nusu nakimbia, na nyuma nikamsikia yule jirani akiuliza huyu kijana ana shida gani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wetu, Mgoa mnene aliyezeekea melini, nikamwomba anibadilishie korido. Nilimweleza kwamba ni mama mkwe wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi mhudumie vizuri," aliniambia kwa Kiingereza chake. "Mama mkwe atakuachia bakshishi nono."

Unamwelezaje mtu kama yule? Nilitamani kumtukana. Nilisema sawa, bosi, nikarudi kwenye toroli langu la mashuka.

Kesho yake nilingoja watoke kwenda kupata chai, nikabisha, nikakohoa, nikabisha tena, ndipo nikaingia. Kitanda cha yule jirani kilikuwa fujo tupu, shuka huku, sidiria kule. Kitanda cha mkwe wangu kilitandikwa, na kilitandikwa vizuri kuliko ninavyotandika mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo. Bafu lilisuguliwa, sinki likafutwa hadi tone la mwisho. Taulo za meli hakuzigusa. Kopo la taka lilikuwa tupu, maana alitoka na taka zake akaenda kuzitupa mwenyewe huko juu, kati ya watu wanaoota jua na vinywaji mkononi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwanamke huyu alisimama na vitambaa vyake Pinetown jua na mvua, hajapata likizo tangu afike nchi hii, leo kapata siku chache za kuhudumiwa, naye anaamka mapema kusugua choo ili mimi nisikisugue. Kila alichosugua kilikuwa heshima kwangu, nami kila nilipokiona nilijiona mdogo zaidi.

Nilitandika kitanda cha jirani, nikakunja taulo ikawa tembo, nikamwekea juu ya shuka na chokoleti pembeni. Tulitakiwa kufanya hivyo kila chumba, na abiria walipenda kupiga picha. Kitanda cha mkwe sikukigusa. Ningemkunjia nini mama mkwe wangu juu ya godoro lake, nyani?

Utaratibu huo wa kimyakimya ungetufikisha salama Durban kama si yule jirani. Yeye hakujua lolote, maana mambo ya posa hayatangazwi kabla ya jibu. Alichoona ni kwamba yeye anapata tembo na mwenzake hapati kitu. Alimwita msimamizi wangu, nami nikaitwa, tukasimama wote mlangoni mwa kile chumba saa za asubuhi, abiria wanapita.

"Mi iko na tembo, iko na chokola, kila kitu," alisema, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukimwonyesha msimamizi vitanda. "Huyu mama hana. Kitanda yake ni yeye mwenyewe anatengeneza. Juu ya nini? Juu hasemi? We kijana, unamudharau?"

"Hapana, mama," nilisema.

"Sasa ni nini?"

"Mwache," mkwe wangu alisema taratibu. Alikuwa amesimama koridoni, ameugeukia ukuta. "Amenihudumia vizuri. Mimi mwenyewe napenda kutandika."

Lakini msimamizi hakujua Kiswahili. Alichojua ni malalamiko ya abiria, na malalamiko yalikuwa yakimtia kichaa. Aliniamuru niingie nifanye chumba chote upya, yeye akiwa pale. Nikavua shuka za mkwe wangu. Nikatandika nyingine. Nikaingia bafuni nikapiga magoti nikasugua choo ambacho kilikuwa kisafi tayari, na mlango ulikuwa wazi, na niliona ncha ya khanga yake koridoni haitikisiki. Jirani alisema sasa ndiyo vizuri, sharp. Msimamizi akaniagiza nikunje taulo. Nilikunja bata. Bata akalala upande, na msimamizi akasema inatosha.

Siku iliyobaki sikumwona tena. Nilijificha kwenye stoo ya mashuka kila niliposikia sauti ya jirani, na sauti ile, nashukuru, ilisikika toka mbali.

Asubuhi ya kurudi Durban, abiria wakiwa wanapanga foleni ya kushuka, niliingia kusafisha chumba kwa ajili ya wageni wapya. Kwenye mto wa jirani palikuwa na bahasha yenye neno merci. Niliitia mfukoni bila kufikiri mara mbili, maana yule mama alikuwa na kelele lakini si mchoyo.

Kwenye mto wa mkwe palikuwa na kikoi.

Kilikuwa kipya, bado kina mikunjo ya dukani, cheupe chenye pindo la kijani, na kilikuwa kinanukia udi. Hakikuwa na karatasi. Nilisimama nikikitazama. Kichwani mwangu palikuwa na choo, na magoti yangu, na yule Mgoa akicheka ameshika ukuta. Nilijiambia, ndiyo hii sasa, bakshishi nono. Mama mkwe wangu ananipa bakshishi kama wengine wanavyonipa biskuti na ndala. Damu ilinipanda. Nami nilikuwa na kanuni ya kujifichia. Kitu bila karatasi kimesahauliwa. Nilijua hakijasahauliwa. Mtu hasahau kikoi kilichofukizwa, kikakunjwa, kikawekwa katikati ya mto.

Nilikipeleka mapokezi, nikataja namba ya chumba, nikarudi juu.

Kwenye ukingo wa sitaha nilipata nafasi ya kuona ngazi ya kushukia. Foleni ilikuwa ndefu, na yule jirani alikuwa akimsimulia mtu asiyemjua. Mfanyakazi wa mapokezi alishuka mbio, kikoi juu ya mkono, akimwita, "Madam! Madam, umesahau hiki!" Watu wakageuka. Mkwe wangu alikitazama kile kikoi kwa muda. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, akamshukuru yule msichana, akakitia kwenye begi na kufunga zipu. Hakutazama juu. Nashukuru hakutazama juu.

Mshenga alikuja Umbilo kabla msimu haujaisha. Hakukaa kitini, alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu na kofia yake magotini.

"Wamerudisha posa," alisema. "Mwanangu, ulirudisha kitu cha mama?"

"Nilidhani amekisahau."

"Ulidhani?"

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko angenipiga kofi.

"Nimemwomba tulipe faini, tukamwangukie, akakataa. Hana hasira. Amesema, kama kijana hawezi kupokea kitu kwangu, siku mwanangu atakapompa kitu atafanyaje?"

Binti alinipigia simu mara moja tu baadaye, akaniambia yaliyobaki, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mama yake alikuwa amemuuliza zamani nafanya kazi meli gani, naye akamwambia kwa fahari. Kikoi kile mama alikileta kutoka Tanga, akakiweka sandukuni miaka yote hiyo kwa ajili ya mkwe wake wa kwanza. Alipanda nacho melini makusudi. Alidhani atanikuta mahali fulani juu huko, kwenye usukani au penye ramani, anikabidhi kwa mbali kabla ya jibu kupitia kwa mshenga, nijue kwamba ameridhika.

"Alijua utakuwa na aibu," alisema. "Ndiyo maana hakukuwekea pesa."

Kadi yake ya simu ilikuwa ikiisha, naye akakata.

Kwa hiyo alikuwa nacho begini siku ile nililitua kizingitini. Alikuwa nacho alipoona beji yangu, na alipoona toroli langu, na alipougeukia ukuta ili asinione nimepiga magoti kwenye choo chake. Alikuwa na siku nzima baada ya hapo ya kubadili mawazo, kukirudisha sandukuni, na kumtafutia binti yake mtu wa usukani. Asubuhi yake alikitoa, akakifukiza udi sijui kwa ujanja gani kwenye meli inayokataza hata kiberiti, akakiweka juu ya mto.

Nilifanya kazi ile misimu mingine miwili. Nilipokea kila nilichoachiwa, shampuu nusu, biskuti, ndala. Kisichokuwa na karatasi nilimkimbilia aliyekiacha kwenye korido, wakati mwingine hadi kwenye ngazi, nikamuuliza mbele za watu kama ni changu. Wengi walisema ndiyo, huku wakicheka. Nami nilikipokea kwa mikono miwili.