Siku Mchanga Ulipomfukia Musyoka

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu Mwende, ambayo sijawahi kukusimulia yote. Mguu wa mjomba wako Musyoka unaujua. Umekua ukimwona akichechemea kila anapokuja kutoka Kilungu na gunia lake la machungwa, na ukimuuliza hukwambia tu kwamba aliangukiwa na mchanga mtoni. Ni kweli. Lakini hasemi ni nani aliyemharakisha. Ni mimi, mama yako.

Nakwambia leo kwa sababu uliponipigia simu jana kutoka Kitui, mtoto akiwa wodini na mrija wa hewa puani, nilisikia pumzi yako inavyokimbia. Umeongea na mhubiri wa redioni, kisha na yule nabii wa mjini anayetaka uende ukachukue maji aliyoyaombea, kisha na mwingine tena. Ukasema hujaketi tangu Ijumaa. Hali hiyo naijua. Ilinishika nikiwa na miaka kumi na tisa.

Wakati huo tuliishi hapa hapa Ikutha. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na mto ulikuwa mchanga mtupu unaochoma nyayo. Maji yalikuwa chini. Kila familia ilichimba kisima chake katikati ya mto, na kadiri kiangazi kilivyoendelea ndivyo visima vilivyozidi kwenda chini. Chetu kilikuwa kimepita urefu wa mtu. Musyoka ndiye aliyeingia ndani kuchimba na kuchota. Mimi nilikaa juu, nikivuta ndoo kwa kamba na kujaza majerikeni ya punda.

Siku ile alizitazama kuta za kisima akasema, "Nduku, hapa juu pamebana. Tupanue kwanza, mchanga huu umekauka sana."

"Kupanua ni kazi ya siku nzima," nikamjibu. "Ng'ombe wamelala bila maji. Ingia uchimbe, ama unaogopa?"

Unajua vile kijana husikia akiulizwa na dada yake mdogo kama anaogopa. Akaingia.

Hakukuwa na mlio mkubwa. Nilisikia kitu kama gunia la mahindi likimwagwa, na nilipochungulia, upande mmoja wa kisima haukuwapo tena. Musyoka alikuwa amefukiwa hadi kifuani, macho yamejaa mchanga. Nikapiga nduru. Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natokwa na jasho. Nilikimbilia ukingoni nimfikie, na ukingo ukakatika chini ya magoti yangu. Mchanga ukamwagika tena. Ukamfika shingoni.

Mtu akanishika gauni kutoka nyuma, akanivuta nikaanguka chali. Alikuwa Susu Kalekye. Huyu hukumkuta. Susu alikuwa nyanya wa kila mtu kanisani kwetu, mjane mwembamba aliyeongoza maombi ya akina mama, na asubuhi hiyo alikuwa akichota kwenye kisima cha jirani.

"Usisimame karibu! Lala kifudifudi," akaniambia. "Nyosha mkono umshike." Kisha akawageukia wanawake wengine, akawatuma sokoni wakaite wanaume waje na mbao na mabati.

Mkono mmoja wa Musyoka ulikuwa umebaki juu. Niliufikia kwa vidole, kisha nikausogelea hadi nikaushika vizuri. Nikaanza kuomba. Wacha niseme ukweli, haikuwa sala. Nilikuwa nikipatana na Mungu kwa kelele kama watu wa mnada wa mbuzi. Nitafunga siku arobaini! Sitaolewa, nitakutumikia maisha yangu yote, mtoe tu, mtoe sasa hivi! Na kila nilipopiga kelele mwili wangu ulitikisika, na kila ulipotikisika, mchanga ulidondoka usoni mwa kaka yangu.

"Nduku," Susu akasema polepole. "Mungu amekusikia tangu neno la kwanza. Sasa nyamaza. Kaka yako anataka kukwambia kitu."

Kumbe alikuwa akininong'oneza muda wote. "Nitatoka?"

Nikafungua mdomo nimwambie ndiyo. Susu akanikatiza. "Hilo hulijui. Mwambie unalolijua."

Nililolijua lilikuwa dogo sana. "Nimekushika," nikamwambia. "Siondoki."

Mwanangu, usidhani kwamba hapo amani ilinishukia. Wako wanaosimulia hivyo kanisani, nami siwapingi. Mimi moyo ulinigonga mchana kutwa. Wanaume walifika na mlango walioung'oa kwenye jiko la mtu, na vipande vya mabati, wakavipachika kidogo kidogo kati ya Musyoka na kuta. Kisha wakaanza kutoa mchanga kwa sufuria na bakuli, maana jembe lingebomoa kila kitu. Walitoa bakuli kumi, tano zikarudi. Nilitaka kuinuka. Nilitaka kuchimba, nikimbie nyumbani nikamwambie mama, nimpige mtu. Kulala pale nimeshika mkono tu kulinishinda kuliko kazi yoyote ya shamba. Nyuma yangu nilimsikia Susu akiomba kwa sauti ya chini, maneno yasiyo na madoido. Baba, uko hapa. Baba, unatuona. Kisha anayarudia tena.

Jua lilikuwa linaelekea kutua walipomtoa. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili na mbavu zimeumia, lakini alikuwa anapumua, akakohoa mchanga, akaomba maji. Wakamlaza juu ya ule mlango wakambeba kwenda zahanati.

Nilipotaka kuwafuata nikashindwa kuondoa miguu. Nikageuka kutazama. Susu Kalekye alikuwa ameketi kwenye mchanga ule wa moto, amenishika vifundo vya miguu kwa mikono yote miwili, vidole vimekakamaa hata haviwezi kufunguka. Ukingo niliokuwa nimelalia ulikuwa umemeguka hadi usawa wa tumbo langu. Tangu asubuhi ni yeye aliyenizuia nisiteleze ndani. Sikujua. Nilidhani miguu imekufa ganzi.

Hapo nililia. "Susu, ni mimi niliyemlazimisha aingie."

"Nilisikia," akasema. "Sauti yako hufika mbali. Akipata nguvu, mwambie mwenyewe na umwombe msamaha. Na usirudie kumharakisha mtu aliyekwisha kuiona hatari."

Nilimwomba. Musyoka alicheka, kisha akalia kidogo, na hatukulizungumza tena.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na ndiyo sababu sikupenda kuisimulia. Mwaka uliofuata mwanamume mwingine alifukiwa katika mto huo huo, baba wa watoto wanne, na hakutoka. Watu wake waliomba kama sisi, pengine kutushinda. Nikamwendea Susu nikiwa na hasira. Kwa nini kaka yangu alitoka, na huyu kwa nini asitoke?

Alikuwa akiambua mbaazi. "Sijui," akasema, bila kuinua macho. "Mimi nilimzika Kioko, mtoto wangu wa kwanza, baada ya kumwombea wiki nyingi. Niliomba kwa kelele kama wewe. Mungu hakunipa nilichotaka. Lakini pale kaburini hakuniacha, na hilo silisemi kwa kuambiwa na mtu." Akaendelea na mbaazi zake.

Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka arobaini. Halijanitosha kila siku. Ziko asubuhi nimeamka nikaligombeza kabla hata ya chai. Lakini sijapata jingine lililonibeba kama hilo, hata baba yako alipofariki.

Kwa hiyo nisikilize, Mwende. Weka simu chini. Acha kumtafuta mtu wa Mungu aliye na sauti kubwa zaidi, kwa maana aliyekusikia alikusikia tangu Ijumaa. Rudi wodini uketi karibu na mtoto, umshike mkono. Daktari akisema jambo, muulize mpaka uelewe. Ukitetemeka, tetemeka, hiyo si dhambi wala si ukosefu wa imani. Usimwambie mtoto usilolijua. Mwambie kwamba uko naye. Na akina mama wa kanisa wakija na uji, usiwarudishe mlangoni kwa kusema uko sawa. Wengi wao wamemwomba Mungu wakutunze, na huo uji ni sehemu ya kutunzwa kwako. Mungu hulinda watu kwa njia nyingi tusizoziona wakati tumeinamia shida yetu.

Mimi nafika kesho na gari la kwanza.

Bwana aliyemhifadhi kaka yangu na kumfariji Susu amwinue mtoto wetu kutoka kitandani hapo. Ampe daktari macho mazuri na mikono iliyotulia. Na likitujia tusilolitaka, asikuache uwe peke yako hata kwa dakika moja, wewe wala nyumba yako. Amina, mwanangu. Sasa keti.